Kumweka mtoto mwenye bronkiolaitisi kwenye CPAP ya mapovu: hatua kwa hatua kwa muuguzi wa wodi

Kila msimu wa mafua ya watoto ukianza, maswali ni yale yale. "Sista, nianze na lita ngapi?" "Mbona maji hayabubujiki?" "Tumbo limejaa kama ngoma, nifanyeje?" Nimeshayajibu kwa simu usiku wa manane na nimeyajibu korido nikiwa natoka zamu. Sasa nimeona niyaandike mahali pamoja.

Mwongozo huu ni wa muuguzi au tabibu wa hospitali ya wilaya mwenye oksijeni na vifaa vya CPAP, lakini hana chumba cha wagonjwa mahututi (ICU). Haufuti utaratibu wa hospitali yako wala maagizo ya daktari wako. Na kama wewe ni mzazi, mtoto wako anavuta pumzi kwa shida na mbavu zinaingia ndani, usiendelee kusoma. Mpeleke hospitali sasa.

Nadharia kidogo tu

Bronkiolaitisi huwapata watoto chini ya miaka miwili, hasa wa miezi miwili hadi sita. Mara nyingi chanzo ni virusi vya RSV. Njia ndogo kabisa za hewa huvimba na kujaa ute. Hewa huingia kwa shida, hutoka kwa shida zaidi, na mtoto hutumia nguvu zake zote kupumua. Ugonjwa hufikia kilele kati ya siku ya tatu na ya tano, kwa hiyo mtoto aliyeletwa siku ya pili anaweza kuzidiwa mikononi mwako hata kama hukukosea kitu. Muulize mama mafua yalianza siku gani, uandike jibu lake kwenye faili.

CPAP husukuma hewa kwa shinikizo dogo lisilokatika, ili njia hizo zisizibe mtoto anapotoa pumzi. Katika CPAP ya mapovu shinikizo hutoka kwenye maji: mpira wa kutolea hewa ukizama sentimita 5, mtoto anapata shinikizo la sentimita 5 za maji. Nadharia nyingine yote utaisoma siku ukiwa na nafasi.

Kabla hujagusa mashine, jiulize kama utaweza kukaa naye

Mwaka 2015 yalichapishwa matokeo ya utafiti wa Dhaka, Bangladesh, kuhusu watoto wenye nimonia kali na upungufu wa oksijeni. Waliowekwa kwenye CPAP ya mapovu walikufa asilimia 4, na waliopewa oksijeni ya kawaida asilimia 15. Madaktari walikuwa karibu na wodi. Mwaka 2019 yakaja matokeo ya hospitali ya wilaya ya Salima, Malawi, kwa watoto waliokuwa na nimonia kali pamoja na VVU, utapiamlo au oksijeni ndogo. Huko hapakuwa na ICU wala daktari wa kuwaona kila siku. Wa CPAP walikufa asilimia 17, wa oksijeni ya kawaida asilimia 11.

Watoto wa tafiti hizi mbili hawakufanana kwa kila kitu, na wengi wao walikuwa na nimonia, si bronkiolaitisi. Hata hivyo mimi nimejifunza jambo moja ambalo siliachi: mashine bila macho ya mtu ni hatari. Kama uko peke yako na wagonjwa 40 na hakuna wa kukaa kando ya kitanda kwa saa ya kwanza, mpe mtoto oksijeni ya kawaida, piga simu, panga rufaa. Hakuna aibu katika hilo.

Nani anafaa

Anza na oksijeni ya kawaida ya prongi za pua (vijirija viwili vinavyoingia puani), lita 1 hadi 2 kwa dakika. Fikiria CPAP ikiwa baada ya hapo oksijeni kwenye damu bado iko chini ya asilimia 90, au mbavu zinaingia ndani sana, au mtoto anaguna kila anapotoa pumzi, pua zinapanuka na kichwa kinachezacheza kila anapovuta.

Kuhusu oksimita, kile kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kwenye damu: kwa watoto wenye ngozi nyeusi kama wetu kipimo kinaweza kuonyesha juu kidogo ya hali halisi. Asilimia 91 ya mtoto anayeguna isikutulize. Vidole vikiwa na hina, hamishia kwenye kidole gumba cha mguu.

Usimweke kwenye CPAP mtoto ambaye:

- hapumui mwenyewe au anakatika pumzi mara kwa mara (huyu anahitaji ambu, yaani mfuko wa kumpumulishia kwa mkono, na rufaa);
- amepoteza fahamu;
- ana hewa iliyovuja kifuani na haijatolewa;
- yuko kwenye shoku (damu haizunguki mwilini vya kutosha) ambayo bado haijatibiwa;
- anatapika mfululizo au anatapika damu;
- ana kaakaa lililopasuka, tundu za pua zilizoziba tangu kuzaliwa, au majeraha ya moto usoni.

Kabla ya kuamua kwamba ni bronkiolaitisi, gusa ini, sikiliza moyo, pima malaria, wingi wa damu na sukari. Mtoto mwenye wingi wa damu (hemoglobini) wa 4 anapumua kasi kwa sababu nyingine kabisa, na CPAP haitamwongezea damu.

Vifaa, viwe mezani vyote kabla ya kuanza

- Oksijeni: konsentreta (mashine inayotoa oksijeni kutoka hewani) ya lita 10, au mtungi. Ya lita 5 inaweza kutosha kwa mtoto mdogo, lakini mara nyingi hufika mwisho wa uwezo wake kabla maji hayajabubujika.
- Mtungi wa akiba, hata kama umeme ni wa uhakika. Mtungi mkubwa wa lita 6,800 ukitoka lita 6 kwa dakika unachukua takriban saa 18 hadi 19 ukiwa umejaa. Angalia geji yake wewe mwenyewe.
- Chupa ya kulainisha hewa kwa unyevu, yenye maji safi yaliyochemshwa na kupozwa au maji ya distili.
- Prongi fupi za CPAP za saizi tatu tofauti, kofia ya kubana kichwa, pini na plasta laini.
- Mipira miwili: wa kuingizia hewa na wa kutolea hewa.
- Chupa ya maji ya lita moja inayoonyesha ndani, rula na kalamu ya wino usiofutika.
- Oksimita yenye kishikio cha watoto.
- Mashine ya kunyonya makamasi, mipira namba 6 na 8, na maji ya chumvi ya dripu.
- Mpira wa kulishia namba 8, au 6 kwa mtoto mdogo sana.
- Ambu yenye barakoa ya mtoto mchanga. Ijaribu kwenye kiganja chako sasa hivi. Usisubiri mtoto abadilike rangi.

Hatua

1. Zungumza na mama. Mweleze utafanya nini na kwa nini. Mama mmoja aliniuliza, "Sista, mnamchemshia mwanangu maji ya nini?" Nikamwambia, "Hayachemki mama, gusa chupa uone, ni ya baridi. Ni pumzi ya mtoto inatokea pale." Aliigusa, akavuta stuli akakaa. Usiku ule mapovu yalipokatika yeye ndiye aliyekuja kuniita. Na kama kuna bibi wa mtoto wodini, mwamkie na umshirikishe pia. Mara nyingi yeye ndiye mwenye mafuta ya kupaka puani na wazo la kumfukiza mtoto. Mweleze kwa heshima kwamba mafuta hayakai karibu na oksijeni, na mvuke wa moto huwaunguza watoto.

2. Andaa chupa ya maji. Kwenye mpira wa kutolea hewa weka alama kila sentimita kuanzia *ncha ya chini*, hadi 8. Mimina maji, zamisha mpira hadi alama ya 5 iguse uso wa maji, kisha ufunge kwa plasta usiteleze. Ncha isiguse kitako cha chupa. Mdomo wa chupa usizibwe. Hewa lazima ipate pa kutokea. Chupa ikizibwa kabisa shinikizo litapanda hadi kwenye mapafu ya mtoto. Weka chupa chini ya usawa wa kitanda.

3. Unganisha na ujaribu bila mtoto. Oksijeni, chupa ya unyevu, mpira wa kuingizia, prongi, mpira wa kutolea, maji. Fungua lita 5 hadi 6 kwa dakika na uzibe prongi kwa vidole. Maji yakibubujika, mzunguko ni mzima. Yasipobubujika, hewa inavuja mahali fulani. Itafute sasa.

4. Safisha pua. Mtoto wa miezi mitatu hupumulia pua, kwa hiyo pua iliyoziba peke yake inatosha kumchosha. Dondoshea matone mawili matatu ya maji ya chumvi kila tundu, subiri dakika moja, nyonya kwa upole. Ishia puani. Kuingiza mpira hadi kooni mara kwa mara kunavimbisha njia ya hewa na kumharibia zaidi. Wapo niliowaona wakitulia kwa hatua hii tu, CPAP ikaahirishwa.

5. Pitisha mpira wa tumboni kupitia mdomoni. Pua ina kazi nyingine. Hakikisha umefika tumboni, vuta hewa na maziwa yaliyomo, kisha uache wazi, ncha ikiwa juu ya usawa wa tumbo.

6. Chagua prongi. Ijaze tundu bila kuivuta ngozi ikawa nyeupe. Ndogo itavujisha, kubwa itamchubua. Wengi huchagua ndogo kwa huruma, halafu wanashinda wakiongeza lita.

7. Valisha kofia, weka prongi. Mkunjo uelekee chini kufuata umbo la pua. Acha nafasi ya milimita 2 kati ya daraja la prongi na ngozi inayotenganisha matundu. Mipira ipite kila upande wa uso, ifungwe kwenye kofia. Kichwa kiwe sawa, shingo isikunjwe, kichwa cha kitanda kiinuliwe nyuzi 30 hivi.

8. Rekebisha lita hadi maji yabubujike mfululizo, mtoto akivuta na akitoa pumzi. Kwa wengi ni lita 5 hadi 8. Mapovu ya kutulia yanatosha. Ukiongeza lita hadi maji yaruke, shinikizo linazidi lile uliloliweka.

9. Kaa naye. Dakika 15 za kwanza usiondoke. Mtoto atalia na kupigana na prongi. Akae kifuani kwa mama au afungwe kanga, apewe kidole safi anyonye. Usimpe dawa ya usingizi.

10. Pima tena baada ya dakika 30 hadi 60. Unatafuta mambo matatu: kasi ya pumzi kupungua, mbavu kupunguza kuingia ndani, oksijeni kati ya 92 na 97. Kama bado anahangaika na mzunguko ni mzima, ongeza kina sentimita moja moja: 6, kisha 7. Kwenye wodi isiyo na ICU mimi sivuki 8.

Kuhusu asilimia ya oksijeni

Ukitumia oksijeni peke yake mtoto anapata karibu asilimia 100. Kama una blenda (kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa), anza na asilimia 40 hadi 50 kisha fuata oksimita. Kama una chanzo cha hewa ya kawaida chenye flomita yake (kipimo cha lita kwa dakika), unganisha kwa kiungo cha Y: lita 3 za oksijeni na lita 3 za hewa hutoa karibu asilimia 60. Oksijeni ikikaa 98 hadi 100, punguza. Kwa njiti jambo hili ni zito zaidi kwa sababu oksijeni nyingi hudhuru macho yao, na hao wana mwongozo wao.

Chakula na maji

Saa za mwanzo asilishwe kwa mdomo. Akitulia, mpe maziwa ya mama yaliyokamuliwa kupitia mpira, kidogo kidogo. Mtoto wa kilo 5 mahitaji yake ya kawaida ni kama mililita 500 kwa siku. Kwenye bronkiolaitisi kali toa theluthi mbili, kama 330, yaani takriban 40 kila baada ya saa tatu. Anza na 10 au 20 uone kama tumbo linavumilia. Baada ya kulisha ziba mpira nusu saa, kisha uufungue tena. Asipovumilia, dripu iwe ya chumvi ya kawaida au Ringer iliyoongezwa dextrose asilimia 5, na iwe polepole. Maji mengi huishia mapafuni.

Chati ya kando ya kitanda

Saa ya kwanza pima kila dakika 15. Kisha kila saa hadi atulie, halafu kila saa mbili. Andika pumzi, mapigo, oksijeni, mbavu, lita, kina cha mpira, mapovu, tumbo, pua.

Hapo kwenye *kina cha mpira* niruhusu nisimame kidogo. Miaka ya mwanzo, katika hospitali niliyokuwa nafanya kazi, nilikuwa na mtoto wa miezi minne aliyekuwa anaendelea vizuri. Saa nane usiku akaanza kuguna tena. Nilitazama chupa, mapovu yapo, tena mengi. Nikaongeza oksijeni. Nikaongeza tena. Mwenzangu aliyekuja kunisaidia aliinama, akamulika chupa kwa tochi ya simu: plasta ilikuwa imelowa, mpira umepanda, umebaki sentimita 2 tu ndani ya maji. Mapovu yalikuwa mengi kwa sababu kina kilikuwa kidogo. Akaurudisha hadi 5 na ndani ya dakika kumi mtoto akanyamaza. Tangu siku ile siandiki "mapovu yapo" kabla ya kuinama na kusoma namba.

Makosa ninayoyaona zaidi

Salbutamol kwa kila kifua kinacholia, prednisolon, antibayotiki "kwa usalama". Bronkiolaitisi ya kawaida haiponi kwa hizo. Antibayotiki zina nafasi yake ukishuku nimonia ya bakteria. Basi ziandikwe kwa sababu hiyo.

Kukata prongi za kawaida za oksijeni na kuzifanya za CPAP bila kuzijaribu. Inawezekana kuunda mzunguko wa namna hiyo, lakini mpira mwembamba wa kutolea hewa huongeza shinikizo usilolijua. Tumia mpira mpana.

Kumtoa kwenye CPAP ili anyonye, "dakika tano tu". Njia zilizofunguka kwa saa sita zinaziba tena.

Jiko la mkaa au mshumaa kwenye chumba chenye oksijeni. Hapana, hata umeme ukikatika.

Kukiwa na tatizo

*Maji hayabubujiki.* Toa prongi, zizibe kwa vidole. Yakibubujika, mzunguko ni mzima na hewa inavuja kwa mtoto: mdomo uko wazi au prongi ni ndogo. Yasipobubujika, fuata mpira kwa mkono tangu kwenye oksijeni hadi kwenye maji. Kifuniko cha chupa ya unyevu kilichokaa upande ndicho mkosaji wa mara nyingi.

*Maji yamejikusanya ndani ya mpira wa kutolea.* Yanaongeza shinikizo. Yamwage kuelekea kwenye chupa, kamwe yasielekee kwa mtoto.

*Tumbo limevimba.* Vuta hewa kwa sirinji, hakikisha mpira uko wazi na haujaziba kwa maziwa. Punguza au simamisha chakula. Likiwa gumu na linauma, mwite daktari.

*Pua imekuwa nyekundu au imechubuka.* Legeza, rudisha ile nafasi ya milimita 2, weka kipande cha plasta laini ya kukinga ngozi. Angalia kila saa mbili hata kama usiku ni mzito. Ngozi ile ikioza hairudi.

*Amebadilika ghafla, oksijeni inashuka, upande mmoja wa kifua haupandi.* Shuku hewa iliyovuja kifuani. Toa CPAP, weka oksijeni ya kawaida, mwite daktari papo hapo, andaa sindano ya kutolea hewa.

*Anakatika pumzi.* Msugue mgongo au nyayo. Asipopumua, ambu. Walio chini ya wiki sita na waliozaliwa njiti hukatika pumzi zaidi, hata wakionekana wana mafua tu.

*Amechoka.* Hii ndiyo inayodanganya. Pumzi zinapungua kutoka 80 hadi 40, unadhani amepona, kumbe macho yamelegea, halii ukimchoma, oksijeni inashuka. Mtoto anayepona anapunguza pumzi na *anakutazama*. Huyu asiyekutazama anahitaji ambu, daktari na rufaa, akisindikizwa na muuguzi na oksijeni ya kutosha safari nzima.

Kumtoa

Akiwa ametulia kwa saa 12 hadi 24, shusha kwanza oksijeni hadi asilimia 30 kama unaweza kuipima, kisha kina hadi 5. Fanya hivyo asubuhi, watu wakiwa wengi wodini. Toa prongi za CPAP, weka za kawaida kwa lita 1 hadi 2, kaa naye dakika 15, pima tena baada ya saa moja. Mbavu zikianza kuingia, mrudishe bila kusubiri.

Mama ajue kwamba kikohozi kinaweza kuendelea hadi wiki tatu. Arudi mtoto akikataa kunyonya, akipumua kasi au akibadilika rangi. Nawe osha mipira kwa sabuni, itie kwenye dawa ya kuua vijidudu kwa muda ulioandikwa kwenye kopo, isuuze, itundike ikauke kabisa, kisha funga na uandike tarehe.